Birika la Mama Mkwe

Miaka ya hamsini nilikuwa mwosha chupa katika maabara moja mjini Nakuru. Mama mkwe wangu naye alikuwa mganga wa tumbo, na siku moja mzungu wetu wa maabara akaagizwa apime mizizi yake. Ikionekana ina sumu, au ni ulaghai mtupu, mama angekatazwa kutibu. Aliyetumwa kuileta ni mimi.

Mzungu alitaka mizizi mikavu. Mama mkwe akaichemsha. Kwake dawa isiyopitia supu ya mbuzi ni kuni tu. Ningembishia vipi? Kwetu sisi watu wa magharibi mwa Kenya, mtu hatazamani na mama mkwe wake usoni. Huzungumza mlango ukiwa katikati, mke akipeleka maneno. Nikapokea birika, nikaushukuru mlango.

Sasa niseme ukweli. Tumbo langu lilikuwa likinguruma mwezi mzima, nami kwa aibu sikumwambia mtu. Tena sikuwa nimekula. Nilipofika penye reli nikaonja. Nikaonja tena ili kuhakikisha. Kufika maabara birika lilikuwa jepesi mno, nikalijaza maji ya mfereji na kulikabidhi kwa heshima zote.

Mzungu alipima siku tatu, akanuka mbuzi mpaka kwenye ndevu. Jibu lake: sumu hakuna, lakini dawa hakuna pia. Karibu yote ni maji, tena yenye madini yale yale ya mfereji wetu. Akasema kesho ataandika barua kwamba mama huyo anawanywesha watu maji.

Nilijiona mdogo kuliko vichupa nilivyoosha. Jioni hiyo nikasimama nje ya mlango wa mama mkwe, nikamwomba mke wangu aseme kwamba mwizi ni mimi. Akacheka, akaniambia hayo niyaseme mwenyewe. Nikayasema, macho chini.

 Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nioe, mama mkwe akanisemesha bila mjumbe.

"Na tumbo lako likoje?"

"Limenyamaza, mama."

"Basi dawa imeshapimwa. Kamwambie mzungu hivyo."

Asubuhi, kabla sijaenda kuungama kwa mzungu, mke wangu akaniletea mabirika mawili kutoka kwa mamake. Kubwa lilikuwa limefungwa mdomo kwa kitambaa na kushonwa kwa uzi. Dogo halikufungwa.

"Hili la mzungu," akasema. "Na hili la mwizi."