Nani Atatutafsiria Meli ya Juu?

Akili yangu bado inagoma. Tangu juzi nafungua simu, naangalia ile picha yake ya miwani ya jua na maiki, naifunga tena.

Mussa wa Kivinje amefariki. Wengi mnaonifuata hapa hamkumjua, kwa hiyo acheni niwasimulie, maana nikikaa nalo peke yangu huku Lindi nitapasuka.

Mussa alikuwa na kibanda umiza, kibanda cha kuonyeshea video, pale Kilwa Kivinje. Picha za nje alizitafsiri papo hapo kwa mdomo wake, maiki mkononi, watu wamekaa kwenye mabenchi.

Mimi nilipangiwa kazi Kivinje, mtu wa maabara, simjui yeyote. Jumamosi moja alasiri upweke ukanitoa chumbani, nikafuata kelele. Nilipofika kwenye pazia la kibanda nikasimama, nikasema, "Hodi."

Kibanda kizima kikacheka. Nani anabisha hodi kwenye kibanda umiza?

Mussa akasimamisha picha, akasema kwenye maiki, "Karibu dada. Nyie mwacheni, mwenzenu kalelewa." Akanitolea kiti cha plastiki, akakiweka karibu na mlango. Kuanzia siku hiyo kikawa changu.

Walikuwa wanaangalia tamthilia ya chombo kilichopotea huko angani, na watu wake wamelala kwenye masanduku. Jina lake la Kiingereza lilikuwa refu. Kivinje tuliiita Meli ya Juu.

Kwa tafsiri ya Mussa, Kapteni, mwanamke wa shoka, hakumpa fundi mkuu amri kabla ya shikamoo. Fundi anajibu, "Marahaba mwanangu, ila injini ndiyo imekufa hivyo." Lile roboti bishi alilipa lafudhi ya Kipatimu, ya huko milimani, na Wamatumbi walioshuka na machungwa yao walicheka mpaka wakashika mbavu.

Halafu wenye tamthilia wakaikata. Msimu wa pili umeisha, hakuna wa tatu. Budget, walisema.

Mussa, sasa naongea na wewe.

Unaikumbuka ile episode ya mwisho. Chombo giza, Kapteni yuko macho peke yake, mara mlango wa nje unagongwa. Kutoka nje, ambako hakuna mtu.

"Hodi," ukasema kwenye maiki. Mlango ukagongwa tena. "Hodi." Halafu ukapaza sauti, "Msimu wa tatu, Inshallah," na picha ikakatika.

Mzee Bakari, yule mteja wako wa benchi la mbele, akanyanyuka na bakora yake. "Mgeni akibisha hodi tatu hajajibiwa, anaondoka zake. Hadithi imekwisha, mwanangu."

"Hesabu vizuri, mzee wangu," ukamjibu. "Amebisha mbili. Ya tatu bado."

Basi watu wakaishi na hilo. Ukipita sokoni, wauza samaki wanakuuliza, "Vipi, kabisha?" Unawaambia bado, yuko mlangoni.

Mimi na kimbelembele changu nikaitafuta ile episode, nikaisikiliza kwa sauti yake yenyewe. Mlango uligongwa mara tatu. Ya tatu uliifunika na maneno yako.

Nilikufuata kibandani kukwambia. Ukaangalia kwanza kama kuna anayesikia. "Najua dada. Kwa nini unadhani naongea pale? Usiniharibie watu."

Sikukuharibia. Nilihama hata mimi, nikahamia upande wa waliokuwa wanasubiri.

Ulifungua group la Meli ya Juu, tukajaa. Kila Ijumaa ukitoka kuswali unaandika kwenye ukurasa wa wenye tamthilia, kwa Kiswahili kabisa: "Sisi wa Kivinje bado tupo." Siku moja wakakuwekea kimoyo chekundu. Ulizunguka mji mzima na simu mkononi, "Wametuona." Nilikutania wiki nzima kwamba umechumbiwa.

Watu wakachoka, wakatoka kwenye group mmoja mmoja. Nami nikahamishiwa Lindi. Tukabaki wawili, wewe na voice note zako za Ijumaa: "Dada Neema, kuna fununu." Nilikuwa nakula chakula cha mchana peke yangu huku naisikiliza sauti yako. Sijui kama niliwahi kukwambia kwamba huku sina rafiki mwingine.

Juzi akapiga dada yako Zuhura. Ulianguka alfajiri, hukuamka. Nilipofika Kivinje wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini. Nikakaa mkekani na wanawake. Wanamlilia ndugu yao, mtoto wao. Mimi ningewaambia namlilia nani wangu?

Nikiwa palepale simu ikatetemeka. Habari ya kwamba wanafikiria kuirudisha Meli ya Juu. Kidole kikatangulia akili, nikaituma kwenye group.

Tiki moja. Mpaka leo tiki moja.

Nataka irudi, Mussa, maana ulitaka irudi. Na naogopa irudi. Kapteni ataongea Kiingereza, hatamwamkia fundi, na lile roboti halitaongea Kipatimu. Nitawaangalia kama watu nisiowajua.

Jana kabla ya kupanda gari nilipita kibandani. Kumefungwa, lile pazia limeanikwa juu ya uzio, limefuliwa.

"Hodi," nikasema. Nikasubiri. "Hodi."

Mzee Bakari alikuwa amekaa upande wa pili wa barabara, ananiangalia. Nikaona anasubiri ya tatu. Nikamgeukia, nikasema kwa sauti, "Shikamoo mzee, nitakie safari njema." Yakapita hayo mahali pa hodi ya tatu.

Akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Halafu akasema polepole, "Amebisha mbili."

Lala, Mussa. Upumzike salama. Mimi bado nipo mlangoni.