Mapigo Kumi na Matano ya Mzee Wichian

Wahudumu wenzake walimwachia Marita chumba cha mzee Wichian kwa sababu hakuna aliyekitaka. Kiharusi kilikuwa kimeua miguu ya Mthai huyo, lakini mikono yake ilibaki mizima, na kila aliyeinama kumwosha alipigwa. Nyumba hiyo ya wazee ilikuwa kusini mwa Louisville, karibu na mtaa wa Iroquois, alikokaa Marita na binti yake Alliance tangu waletwe Amerika kutoka kambi ya wakimbizi. Asubuhi ya tatu mzee alirusha kiwiko. Marita, aliyekulia Minembwe kati ya ng'ombe wa pembe ndefu, alikikinga bila kufikiri. Mzee akamwonyesha namna ya kukinga vizuri zaidi.

Ndivyo ilivyoanza, mwaka 2014. Wichian alikuwa mwalimu wa ngumi za kale za Chaiya, mji wa kusini mwa Thailand. Ni mapigano yasiyo na glavu: mtu hujikunja akawa mdogo, viwiko vikalinda uso, na anayemshambulia akajiumiza mwenyewe. Mapigo yake yalikuwa kumi na matano. Alimfundisha kila zamu ilipokwisha, yeye akiwa kwenye kiti cha magurudumu, kwa Kiingereza cha kuungaunga. Hakuwa mpole. Marita akikosea, alimchapa bakora kwenye vifundo vya vidole na kumwambia anatembea kama ng'ombe mwenye mimba. Marita alirudi kila siku. Tangu afike Amerika, hakuna mwingine aliyedhani anaweza kujifunza kitu zaidi ya kutandika vitanda. Baada ya mwaka na ushee aliyajua yote. Mzee alimwambia hakuna mtu mwingine aliyebaki nayo, asije akafa bila kumfundisha mtu.

Wichian alifariki Agosti 2015. Wiki mbili baadaye mwanawe Anan, mwenye ukumbi wa ngumi mtaa wa Linden huko Columbus, akampigia Marita simu. Alisema kwa upole kwamba sanaa ya baba yake isizikwe, aje wairekodi. Marita akapanda basi.

Asubuhi nzima alionyesha mapigo mbele ya kamera, na Anan alimshukuru baada ya kila moja. Yalipobaki manne, Anan alisema hayo yanahitaji mtu wa kupigana naye, akaingia mwenyewe. Matatu yakapita salama. Kwenye la kumi na tano, Marita aliinua mkono wa kushoto na kukinga kichwa barabara, kama alivyofundishwa. Anan aliushika mkono ule, akaubana kwapani, akauvunja. Wanafunzi wake wote, waliokuwa wakitazama, waliusikia mfupa ukivunjika.

"Miaka thelathini nilimwomba baba anifundishe," Anan aliwaambia, akiwa bado ameushika. "Akaenda kumfundisha mwanamke wa kumfuta mavi."

Walicheka, pengine kwa woga. Kamera ilikuwa bado inarekodi.

Polisi walionyeshwa karatasi ya kukubali hatari ya kuumia, ambayo Marita aliisaini mlangoni bila kuielewa, wakasema ni ajali ya mazoezi. Mfupa uliunga vibaya. Mkono haukukunjika tena zaidi ya nusu. Mhudumu asiyeweza kuinua mgonjwa hana kazi. Adolphine, rafiki yake wa kambini, Mshi kwa kabila, aliyekuwa akifanya kazi kiwandani katika mji wa Buffalo, akawaita wakae kwake mtaa wa Riverside.

Huko, wakati wa baridi, Marita alianza kumfundisha Alliance, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu. Mapigo kumi na moja yalikwenda vizuri. Manne ya mwisho yalitaka viwiko viwili, na mtoto, akimwiga mama, aliuweka mkono wake wa kushoto vilevile, umepinda na kukakamaa. Marita aliukunja mkono wa mtoto kwa nguvu hadi akalia.

"Bon, Mama Alliance, acha mutoto," Adolphine alimwambia. "Ile mambo ilikuvunja mukono. Donc unataka imuvunje na yeye?"

Marita alimjibu kwamba hana mahali pengine pa kuyaweka mapigo ya mzee.

Alliance ndiye aliyeipata video. Anan alikuwa ameiweka mtandaoni, na maelfu walikuwa wameitazama, wengi kwa ajili ya mwisho wake. Chini yake waliandika mizaha. Msichana alitaka kuizima. Lakini Marita, ambaye hakuwahi kujiona akiyafanya mapigo, aliketi sakafuni akautazama mkono wake wa kushoto ukiwa mzima, umekunjwa vizuri kando ya sikio.

"Irudishe," alisema.

Alliance alijibu kwa Kiingereza kwamba hawezi kuangalia tena.

"Utaangalia. Usiangalie ule mutu. Angalia kiwiko yangu, mbele ya kuivunja."

Siku hiyo waliirudisha zaidi ya mara ishirini. Kila mara kicheko cha wale wanafunzi kilijaa sebuleni, hadi Adolphine akaenda jikoni na kufunga mlango. Theluji ilipoyeyuka, Alliance aliyajua mapigo yote kumi na matano. Aliyafanya alipoamriwa, na kila alipofika la mwisho alifumba macho.