Kikanyagio Nilichokikata

Nakumbuka Jumanne moja pale kwetu Mbagala, pikipiki ya Baba ilipowaka baada ya kulala uani karibu mwaka mzima. Mwanangu, furaha ile sijaipata tena, nami nimezunguka miji mingi ya nchi hii. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Baada ya kidato cha nne nilikuwa utingo wa malori, leo Makambako, kesho Tunduma, na safari hiyo nilikuwa nimerudi nyumbani kupumzika. Baba alikuwa amekwenda msibani Songea. Nikaona nimfanyie jambo. Nilifungua kabureta juu ya gunia, nikaisafisha kwa petroli na mswaki mkuukuu, nikabadilisha plagi na waya wa klachi. Nilipopiga kiki mara ya sita, ikaitika.

Mama alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye kanga. Aliniuliza kama Baba akirudi wataweza kwenda Kimbiji Jumamosi.

Kimbiji aliishi Mama Mkubwa, dada yake wa pekee. Mama alikuwa na goti lisilokunjika tangu aumie akiwa msichana, na mguu ulionyooka kama ule ni mateso kwenye basi au bajaji kwa safari ndefu. Ndiyo maana Baba alimpelekea fundi pikipiki, akachomelea upande wa kushoto kikanyagio kirefu cha chuma, kimetokeza mbele. Jumamosi Mama alikaa upande juu ya siti ndefu, akauegemeza mguu pale, wakaenda na barabara ile mbovu polepole mpaka wakafika. Ukiacha huko na kanisani, sikumjua akitoka kwenda mahali pengine popote.

Nilimwambia Mama asubiri kidogo, kazi sijaimaliza.

Hapo ndipo nilipokosea, Mwanangu. Pikipiki ilikuwa imepona. Lakini barabarani huko nilikuwa nimeona pikipiki za vijana wenzangu, fupi, nyembamba, tangi jekundu, usukani umeinuliwa. Nikaanza na keria, nikaing'oa. Nikakata madigadi ya nyuma. Siti nikaipunguza ikabaki ya mtu mmoja na nusu. Kisha nikaazima grenda ya kukatia chuma kwa fundi wa mtaani, nikapiga magoti upande wa kushoto.

Mama alikuwa amekaa kibarazani anachambua mchele.

"Na hicho nacho unakitoa, Festo?"

"Hiki kinaharibu shepu, Mama."

"Haya," alisema, akaendelea na mchele wake.

Ile haya naisikia mpaka leo. Siku ile nilisikia ruhusa tu.

Nilipomaliza kupaka rangi, majirani walikuja kuitazama. Jamaa mmoja wa nyumba ya pili aliizunguka mara mbili, akasema, "Braza, mzee akirudi hii hapandi, ataogopa kuonekana anamtafutia Mama Festo mwenzie." Tukacheka wote. Mama naye alicheka. Nilipomuuliza kama ameipenda, alisema imependeza sana, mwanangu.

Baba alirudi siku iliyofuata. Nilimpa shikamoo, akaitikia huku macho yakiwa uani. Aliinama akapapasa pale kwenye chuma, mahali kikanyagio kilipokuwa.

"Mama yako ataweka wapi mguu?"

Nilimjibu kwamba ataweka pale pa kawaida, kama watu wote.

"Watu wote wanakunja goti," alisema Baba.

Hakugomba. Angenigombeza ningejitetea. Niliahidi kukirudisha mwenyewe, ila kile chuma nilikuwa nimeshawapa watu wa skrepa, wale wanunuzi wa vyuma chakavu, ikabidi nitafute kingine. Kabla sijakipata, rafiki yangu alinipigia simu, lori linapakia, utingo hayupo. Nilifunga begi langu. Nilisema nitarudi baada ya wiki mbili.

Nilikaa miezi minne. Sikuwa nimekwama wala sikuwa mgonjwa. Miguu yangu tu ilikuwa haitulii, na kila mji ulikuwa na kesho yake. Nilikuwa Tunduma nilipopigiwa kwamba Mama Mkubwa amefariki.

Tulikwenda Kimbiji kwa gari la kuazima, Mama amenyoosha mguu kwenye kiti cha nyuma. Msibani binti wa marehemu alinisogelea. Wala hakuwa na ubaya. Alinisimulia tu kwamba mama yake, tangu asikie pikipiki imewaka, kila Jumamosi asubuhi alikuwa akiweka kigoda mbele ya kiti kizuri pale mlangoni, kigoda cha mguu wa mdogo wake. Jioni anakirudisha ndani. Walizungumza kwenye simu, lakini Jumamosi ikifika kigoda kilitoka.

Nilimwendea Baba nikamuuliza kwa nini hakuita fundi. Mafundi wamejaa Mbagala. Alisema Mama alimkataza. Mama alisema Festo ameahidi, akirudi akakuta kimeshawekwa atajisikia vibaya.

Nilimfuata Mama nyuma ya nyumba, nikakaa chini karibu na mguu wake. Akaanza yeye.

"Ulikuwa na furaha sana siku ile. Ningekwambiaje?"

Baada ya arobaini nilichomelea kikanyagio kingine na siti nikaifanya ndefu. Mama alipanda mara moja, mpaka kanisani. Alikuwa ananifurahisha tena. Hakuwa na pa kwenda tena.

Mwanangu, nimeingia miaka ya arobaini, sijafika umri wa kuitwa mzee, lakini hili nalijua. Ukikuta kitu cha zamani nyumbani, kitengeneze kiwake, kisha kaa kwanza. Kabla ya kukata chuma chochote, uliza kimewekwa kwa ajili ya nani, na uulize grenda ikiwa bado kwa fundi. Usimuulize mzazi kama amependa wakati rangi imeshakauka, maana atasema imependeza. Akisema haya kwa sauti ndogo, acha kazi, nenda ukae naye. Na ukiharibu, rekebisha kabla hujafunga begi, hata lori likiwa linanguruma barabarani.

Mungu aibariki mikono yako, na akujalie kuwahi. Wanaokupenda awape nguvu ya kukuambia hapana, nawe akupe moyo wa kuipokea.