Shimo Lililokatwa Katikati

Kila alfajiri, kwa miaka mingi, kazi yake ilikuwa kuziba shimo la jana na kukata la leo mahali pengine uwanjani. Wachezaji wa gofu walimwita Fundi Shimo, na walipokosea walimlaani yeye, kana kwamba ndiye aliyeshika fimbo.

Shimo la mwisho ndilo lililowatoa watu jasho. Likikatwa kushoto, lilikaa ukingoni mwa bwawa ambalo wanachama waliliita Benki, maana kila Jumamosi waliweka mipira humo na hakuna aliyewahi kutoa. Wanaojifunza walipiga macho wamefumba, maji yakapokea. Wale wa kati, wenye akili zao, walikwepa kulia wakakubali kuongeza pigo moja. Binti wa Fundi peke yake ndiye aliyelilenga moja kwa moja. Tangu utotoni, wenyewe wakishaondoka, alikuwa akijifunza pale na baba yake, kwa fimbo kuukuu, hadi bwawa likawa kwake kama beseni la nyumbani.

Yakaja mashindano, na chama kikatangaza kwamba mshindi ataajiriwa kuwa mkufunzi. Binti hakuwa na kazi wala mtaji. Tumaini lake lote lilikuwa hapo. Nahodha wa chama, kama kawaida, alimwachia Fundi achague pa kukata. Fundi alisimama kwenye umande, akaliangalia bwawa, akaingiwa na woga wa mzazi. Akakata katikati, peupe, mbali na maji. Alirudi kwenye banda lake la vifaa akipiga mluzi, maskini wa watu.

Walipofika shimo la mwisho, binti alikuwa nyuma kwa pigo moja. Aliyeongoza alikuwa mwalimu wa shule, mchezaji wa kati, mwangalifu, asiye na maajabu. Baba alimwona mwanawe akiitazama bendera, kisha bwawa, mabega yakamshuka. Mwalimu, ambaye siku zote hapo hukwepa, safari hii hakuwa na cha kukwepa. Akamaliza kwa mapigo manne. Binti naye manne. Watu wakapiga makofi, mwalimu akabebwa juu juu.

Bandani, binti aliuliza nani amelitoa shimo kule kushoto. Baba angeweza kumsingizia nahodha, na ulimi ulimwasha kweli.

"Mimi, mwanangu. Niliogopa maji yatakumeza."

"Baba, maji yale yalikuwa yanawameza wao."

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomkata baba maini. Msiba wa kujitakia hauna kilio, basi akasafisha kikatio chake kilichokuwa safi tayari.

Kesho yake alilikata kushoto kabisa, ukingoni, utadhani anamkomoa mtu. Jioni akamwambia binti waende wakapige kidogo, kama zamani. Binti alikuwa akifua. Alijibu bila kuinua kichwa kwamba uwanja sasa una mkufunzi, baba aende akamwombe ruhusa.