Wakwe wa Sanga

Kila asubuhi bibi yangu Mwila alifagia sebule akiipa mgongo picha ya baba mkwe wake iliyotundikwa ukutani. Katika ukoo wetu mke hamtazami mkwe usoni, na picha nayo ina uso.

Mwaka 1958 habari zilifika Kamina kwamba wazungu wamefukua makaburi ya kale huko Sanga, kando ya ziwa Kisale. Bibi ndiye aliyewashawishi rafiki zake, Kitwa na Mianda, waende kutalii kama watu wa Ulaya. Walivaa kofia za waume zao, wakapanda treni hadi Bukama, kisha mashua. Njia nzima bibi alizungumza habari za mifupa.

Walipofika ukingoni mwa shimo, aligeuka ghafla, akapiga magoti na kukazia macho majani.

“Mwila, iko nini?” Kitwa akauliza.

“Bwana yangu iko muntu ya Sanga. Hawa bote njo bakwe yangu.”

“Bakwe ya zamani vile? Hata habakujue!”

Mianda akacheka. “Weye, utaenda kuelezea nini Kamina? Majani?”

Wenzake waliangalia mpaka wakachoka. Bibi alirudi nyumbani bila kuona hata mfupa mmoja, akasikitika mwaka mzima.

Nilimwuliza mara moja tu kama hakutamani kuchungulia, maana watu wale walikwisha kufa zamani mno.

“Nilitamani sana,” alisema. “Lakini bale bakwe habakukuwa na nguo.”