Mstari wa Barabara na Njia ya Maji

Mnisamehe mwandiko wangu, na nitakapokosea herufi someni tu kama ilivyopaswa kuwa. Niliishia darasa la saba na huandika polepole. Mbele za watu sisemi kabisa, ndiyo maana naandika.

Tulipohamishiwa kijiji kipya, upande wa Mhunze, bwana ardhi alikuja kiangazi akavuta kamba na kupiga vigingi vya mstari wa barabara. Sheria ndogo ya kijiji ikasema nyumba zote zifuate mstari huo. Kiwanja chetu kikaangukia mbugani, kwenye udongo mweusi ambao wakati wa mvua huwa njia ya maji. Mama ni mjane, na kiangazi chote tulikuwa tumefyatua tofali za nyumba moja. Zikilowa zikaanguka, hatukuwa na nyingine.

Kwenye mkutano wanaume waliinamisha vichwa. Nani abishane na serikali? Lakini bwana ardhi alikuwa Mzaramo, mtani wetu sisi Wasukuma, na mtani hakasiriki. Mama akasimama.

“Mtani, siku ya kuvuta kamba ulikuwa umekunywa tembo la mnazi?”

Watu wakacheka. Naye hakukubali kushindwa. “Nyinyi mnaotembea nyuma ya mikia ya ng'ombe, mstari mtaujulia wapi?”

“Ng'ombe huyo, mvua ikianza, halali pale ulipotuweka. Hupanda juu.”

“Kwa hiyo serikali imsikilize ng'ombe?”

“Imsikilize. Hajawahi kuamka ndani ya maji.”

Bwana ardhi alicheka mpaka akavua kofia. Kisha akamgeukia mwenyekiti wa kijiji, akamuuliza kama ni kweli maji hupita pale. Mwenyekiti akakohoa.

“Hupita, bwana.”

“Mbona hukuniambia?”

“Mimi hapa nimekaa kama mwenyekiti. Utani nimemwachia huyu mama.”

Ikaongezwa kwenye sheria ndogo kwamba penye njia ya maji mstari upinde, na asijenge mtu. Vigingi vyetu vikahamishiwa juu. Bwana ardhi akamkamata jogoo wetu akaondoka naye, kwa haki ya utani, na mama asingeweza kudai.

Mvua zilipokuja, maji yalipita palepale. Tuliyatazama tukiwa mlangoni, kuta kavu, mama akisema jogoo yule hakuwa ghali.

Ila nasikia kijiji cha jirani walipimiwa na bwana ardhi asiye mtani wa mtu. Je, huko kwenu mtu wa namna hiyo mnamwambiaje? Niandikieni, nitawasomea na majirani.