Neno la Kumpelekea Lidwina

Tangu lori la ushirika lilipoegeshwa juu ya mawe, Gaspari hakuwa dereva tena, wala mkulima. Alikuwa mtu wa kukaa kibarazani pale Lizaboni na kununa. Wafanyabiashara binafsi walikuja na malori yao na madereva wao, wakasomba mahindi mpaka Maposeni, na yeye hakuitwa na mtu. Hakumpiga mkewe, hakulewa. Aliacha tu kuongea. Lidwina alivumilia mwaka mzima, kisha akafunga vitu vyake akarudi kwa mama yake Maposeni. Jumapili wazee wangekaa waamue kama anarudi kwa mumewe au basi.

Ijumaa ya wiki hiyo kulikuwa na maonyesho ya biashara mjini, na kampuni moja kutoka Dar ilileta gari la kifahari ambalo Songea walikuwa wameliona kwenye kalenda tu. Gaspari akaenda, dereva ni dereva. Muuzaji, kijana mwenye maneno mengi aitwaye Bashiru, akamkaribisha kwenye usukani. Gaspari aliushika, machozi yakamlengalenga. Mikono yake ilikuwa na hamu.

"Mzee, ukifunga mlango, humo ndani hata mashine ya kusaga huisikii!" Bashiru alijigamba. Kisha, bila kuuliza nani ni nani, akafungua mlango wa pili. "Karibu mama, na wewe uonje."

Vioo vilikuwa vyeusi, ndani giza, na mama wa watu akitoka juani hakuona aliyemo. Akaingia. Bashiru akafunga mlango, akabonyeza kidude cha mkononi ili umati uone milango yote inavyojifunga yenyewe.

Alikuwa Kunegunda, mama mzazi wa Lidwina.

Heri angeingia nyoka! Kwetu mtu na mama mkwe wake hata kutazamana usoni ni aibu, sembuse kukaa bega kwa bega. Mama alijifunika kanga usoni, akageukia dirishani. Gaspari akavuta kitasa, mlango haukufunguka. Nje, Bashiru alibonyeza kidude, akabonyeza tena, akakigonga pajani. Wapi! Ufunguo wa akiba ulikuwa nyumba ya wageni, ikabidi mtu atumwe mbio.

Joto likapanda. Gaspari alijibana mlangoni mpaka bega likamuuma.

"Wewe gari," mama alianza, uso kwenye kioo, "nasema na wewe, maana huyo mwingine siruhusiwi kusema naye. Mwanangu aliniambia, mama, hanipigi, ananyamaza. Nikamwambia hiyo si sababu, rudi kwa mumeo. Leo nimekaa na kimya chake kidogo tu, pumzi zinaniishia. Yeye amekaa nacho mwaka." Akajifuta jasho. "Gari, mwambie. Anipe neno moja la kumpelekea Lidwina, neno lolote, na Jumapili nitamtetea mbele ya wazee. Asiponipa, mwanangu harudi."

Neno alikuwa nalo. Usiku na mchana alikuwa akilitafuna pale kibarazani. Sasa lilimkwama kooni, na kadiri alivyolisukuma ndivyo lilivyozidi kukwama. Alijichukia, mwanaume mzima.

Ufunguo ukafika. Mlango wa mama ukafunguliwa, upepo ukaingia. Mama akateremsha mguu mmoja, akangoja. Gaspari aliuona ule mguu ukingoja. Kisha mama akateremsha wa pili. Bashiru akaurudisha mlango haraka ili azunguke upande wa dereva.

"Gari!" Gaspari akapasuka, sauti ikamtoka yote. "Mwambie mama, naona aibu kukosa kazi! Mwambie Lidwina nyumba imenishinda, arudi! Mwambie nitaongea!"

Kanga ya mama ilikuwa imeshajichanganya na watu, ikielekea kwenye magari ya Maposeni. Na Bashiru, badala ya kuzunguka, alikuwa amesimama akigonga kioo cheusi, furaha imemrudia.

"Mnaona, ndugu zangu? Humu ndani kuna mtu. Hata apige kelele namna gani, husikii kitu!"